Dawa za mitishamba za Kichina na kumbukumbu za wazee

Mwaka 1797 maradhi ya mlipuko yaliua watoto wengi katika eneo la Luanzhou, kaskazini mwa China, na maiti zao zikazikwa juu juu kiasi kwamba mbwa walizifukua. Tabibu mmoja aitwaye Wang Qingren alikwenda makaburini asubuhi kadhaa mfululizo kutazama kilichobaki ndani ya miili ile, kwa sababu mila ya nchi yake haikuruhusu mtu kupasua maiti, naye alikuwa amechoshwa na michoro ya viungo iliyopingana kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Kitabu alichokitoa mwaka 1830, akiwa amebakiza muda mfupi wa kuishi, kilisema jambo lililokwenda kinyume na mafundisho yaliyozoeleka: kwamba akili na kumbukumbu hazikai moyoni bali katika ubongo, kwamba mtoto mchanga hana kumbukumbu kwa kuwa uboho wa ubongo wake haujajaa, na kwamba mzee huipoteza kwa kuwa uboho huo unapungua kidogo kidogo.

Namkumbuka tabibu huyo kila ninaposikia mabishano ya siku hizi kuhusu mitishamba ya Kichina na akili za wazee. Upande mmoja unasema kwamba Wachina wamezitumia dawa hizo kwa maelfu ya miaka, na kwamba hospitali za kisasa hazina la kumpa mzee aliyeanza kusahau majina ya wajukuu wake isipokuwa tarehe ya kurudi kliniki. Upande wa pili unajibu kwamba mitishamba iliyopimwa imeshindwa, kwamba ukongwe wa desturi si ushahidi, na kwamba kinachouzwa ni matumaini yaliyotiwa ndani ya kopo. Nimelifuatilia suala hili kwa miaka kadhaa, kwa sababu za nyumbani ambazo nitazieleza, na nimefikia maoni kwamba pande zote mbili zinaiegemea historia ambayo haipo. Dawa mbili zinazotajwa zaidi katika mabishano haya, ginkgo na huperzini A, si dawa ambazo Wachina wa kale walizitumia kwa ajili ya kumbukumbu, na zile walizozitumia kweli kwa kazi hiyo hazijapata kupimwa kwa majaribio makubwa ya aina ile ile. Kwa hiyo anayetetea anajivunia ukongwe wa dawa ambayo kwa kazi hiyo ni changa, na anayepinga anaihukumu tiba ya kale kwa kosa la kidonge kilichobuniwa Ulaya.

Kwanza maradhi yenyewe. Demensia si kusahau mahali ulipoweka funguo. Ni kuchakaa kwa ubongo kunakomfanya mtu ashindwe kupika chakula alichokipika miaka 40, apotee njia ya kutoka msikitini au kanisani hadi nyumbani kwake, na mwishowe asiwatambue watoto wake. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa, ukichukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa, na unaofuata ni uharibifu wa mishipa ya damu ya ubongo unaotokana na presha, kisukari na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu wanapaswa kujua kwamba utafiti uliofanyika vijijini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kiwango cha asilimia 6.4 kwa watu wa miaka 70 na zaidi, kiasi kisichotofautiana sana na kile cha nchi tajiri.

Tiba ya Kichina iliuona udhaifu huu wa uzee mapema, na ilikuwa na maelezo yake. Katika mafundisho yake ya msingi, figo huhifadhi kiini cha uhai kiitwacho jing, kiini hicho huzalisha uboho, na ubongo ni bahari ya uboho; mtu anapozeeka kiini hupungua na bahari hukauka. Kwa upande mwingine, fahamu na kumbukumbu zilihesabiwa kuwa kazi ya moyo, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hatalishangaa, kwa kuwa hata sisi husema mtu amelihifadhi jambo moyoni. Kutokana na mafundisho hayo, wazee watatu ambao daktari wa hospitali angewaandikia ugonjwa mmoja wanaweza kupewa dawa tofauti kabisa na tabibu wa Kichina: mmoja ataambiwa kwamba kiini cha figo zake kimepungua, mwingine kwamba makohozi yameziba milango ya fahamu, na wa tatu, hasa aliyepata kiharusi, kwamba damu yake imetuama.

Dawa iliyo karibu zaidi na suala letu inaitwa Kai Xin San, yaani unga wa kufungua moyo, na imo katika maandishi ya Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang aliyeishi karne ya 7. Ina vitu vinne tu. Cha kwanza ni jinsengi. Cha pili ni mzizi uitwao yuanzhi, jina ambalo maana yake ni nia ifikayo mbali. Cha tatu ni shina la changpu, mmea wenye harufu kali unaoota kandokando ya vijito vyenye mawe. Cha nne ni fuling, aina ya kuvu inayojenga donge jeupe kwenye mizizi ya misonobari. Mgonjwa aliyeandikiwa unga huo alikuwa mtu anayesahau, mwenye wasiwasi, ambaye moyo wake hautulii. Hapa mtetezi wa tiba ya asili ana hoja ya haki kabisa: hii si hadithi iliyotungwa na wauzaji wa leo, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 1,300 matabibu wa nchi moja wamekuwa wakiandika, wakinakili na kurekebisha dawa waliyoikusudia kwa usahaulifu, na mtu mwenye akili ya utafiti angependa kujua waliona nini. Maabara za China, Japani na Korea zimeshaanza kuichunguza mizizi hiyo, na kwa panya matokeo kadhaa yanatia moyo. Kutoka kwa panya hadi kwa bibi wa miaka 80, hata hivyo, njia ni ndefu, na dawa nyingi za kisasa za Alzheimer zimefia katika njia hiyo hiyo.

Hoja ya pili ya utetezi ni artemisinini, dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa Kichina, na kwetu sisi ina uzito wa pekee kwa kuwa dawa mseto ya malaria tunaijua kwa mkono na kwa mdomo. Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa mtafiti wa Beijing aliyepewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika maandishi ya kale. Mmea wa qinghao ulionyesha dalili nzuri, kisha ukakataa, mpaka aliposoma upya maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, yaliyosema majani yalowekwe katika maji kisha yakamuliwe na maji yake yanywewe. Hayakutaja kuchemsha. Tu alihisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia njia ya joto la chini, na mwezi Oktoba 1971 sampuli yake nambari 191 ikawamaliza vimelea vyote vya malaria katika wanyama wa majaribio. Mstari mmoja wa maandishi ya kale ulikuwa umebeba siri ambayo maabara ilikuwa imeipita.

Simulizi hii ni ya kweli na ninaiheshimu, lakini hutumiwa kubeba mzigo usio wake. Malaria ni ugonjwa wenye adui anayeonekana: unachukua tone la damu, unahesabu vimelea chini ya darubini, unatoa dawa, na baada ya siku tatu unahesabu tena. Ndiyo maana hata tabibu wa karne ya 4, asiye na darubini, angeweza kuona homa ikishuka na kuandika kwamba dawa imefanya kazi. Ubongo hauchakai hivyo. Mzee anayesahau ana siku nzuri na siku mbaya. Hushuka kwa miaka 8 au 10. Leo anakumbuka harusi yake na kesho hamjui mwanawe. Tabibu aliyempa unga wa mizizi mwezi wa kwanza na kumwona ana nafuu mwezi wa pili hakuwa na njia ya kujua kama nafuu hiyo imeletwa na mizizi, na usingizi mzuri, na kupungua kwa wasiwasi, au na zamu ya siku njema tu. Uzoefu wa karne nyingi ni shahidi mzuri kwa homa, kuhara na maumivu ya tumbo. Kwa maradhi yanayokwenda polepole na kupanda na kushuka, ni shahidi dhaifu, hata kama mashahidi ni wengi na waaminifu.

Ndiyo maana majaribio makubwa yalihitajika, na yaliyofanywa makubwa kuliko yote ni ya ginkgo. Mti wa ginkgo ni wa China, umekuwepo duniani tangu kabla ya wanadamu, na majani yake yenye umbo la pepeo yamechorwa juu ya makopo yasiyohesabika. Lakini katika tiba ya Kichina kilichotumika kwa karne nyingi ni mbegu yake, iitwayo baiguo, na kazi yake ilikuwa kifua, yaani pumu na kikohozi. Kidonge cha majani kwa ajili ya kumbukumbu ni kazi ya kampuni ya Ujerumani katika miaka ya 1960, iliyotafuta namna ya kuyakamua majani na kuondoa sumu zake. Aliyenunua kopo hilo akiamini kwamba anameza hekima ya wafalme wa kale wa China amenunua, kwa kweli, bidhaa ya kiwanda cha Ulaya yenye umri mdogo kuliko yeye mwenyewe.

Bidhaa hiyo ilipimwa Marekani kwa watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likimeza miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku, jingine likimeza kidonge kitupu kisicho na dawa lakini kinachofanana nacho, na si mzee wala daktari wake aliyejua nani anameza nini. Wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka sita. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2008, waliopata demensia katika kundi la ginkgo walikuwa 277 na katika kundi la kidonge kitupu walikuwa 246. Jaribio la pili lilifanywa Ufaransa kwa watu 2,854 wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa wamemlalamikia daktari kuhusu kumbukumbu zao, likachukua miaka mitano, na jibu lake la mwaka 2012 likawa lile lile: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa Alzheimer. Ni vigumu kupata jibu lililo wazi zaidi katika sayansi ya ubongo.

Hata hivyo haki inadai niseme na upande wa pili wa ginkgo. Kuzuia ugonjwa ni jambo moja, na kumpunguzia dalili aliyekwisha kuugua ni jambo jingine. Kwa walio na demensia nyepesi, baadhi ya majaribio ya kiini hicho cha majani yameonyesha nafuu ndogo, na kamati ya mitishamba ya Shirika la Dawa la Ulaya iliikubali mwaka 2015 kwa matumizi hayo. Sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifadhiliwa na mtengenezaji, jambo ambalo halibatilishi matokeo lakini linamtaka msomaji awe macho. Kilichokubaliwa, tena, ni kiini kimoja kilichotengenezwa kwa kipimo maalumu, wala si kila unga wa majani unaoandikwa ginkgo kwenye karatasi ya kopo.

Dawa ya pili inayotajwa sana ni huperzini A. Mwanzoni mwa safari yake kuna mmea mfupi wa misituni usiotoa maua, uitwao qian ceng ta, yaani mnara wa ghorofa elfu. Matabibu wa vijijini waliutumia kwa uvimbe, michubuko na homa. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa China walitenga ndani yake kemikali inayozuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari, na ambayo hupungua kwa wagonjwa wa Alzheimer. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa na donepezili, dawa ya kawaida ya hospitalini. China iliikubali huperzini kama dawa katika miaka ya 1990. Jaribio la Marekani kwa wagonjwa 210, lililochapishwa mwaka 2011, lilitumia maikrogramu 200 mara mbili kwa siku na halikuona faida katika kipimo chake kikuu cha akili. Dozi ya juu ya maikrogramu 400 ilionyesha dalili ya faida, isiyotosha kuwa uthibitisho. Mmea huu haukuwa dawa ya kumbukumbu kabla ya maabara kuufanya hivyo. Na wenye kudhani kwamba sayansi ya kisasa inachukia mimea kwa chuki tu wakumbuke galantamini, dawa nyingine ya Alzheimer inayoandikwa hospitalini dunia nzima, ambayo ilianza kutumika Bulgaria katika miaka ya 1950 kutokana na ua dogo jeupe la majira ya baridi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mwingine. Katika karne ya 16, enzi ya Ming, familia ya matabibu iliandika dawa ya watoto wanaolia usiku na kupata degedege. Ilikuwa na vitu saba na iliitwa Yigan San, unga wa kulituliza ini, kwa kuwa hasira na mitikisiko vilihesabiwa kuwa machafuko ya ini. Maelekezo yake yalisema mama na mtoto wanywe pamoja. Wajapani waliichukua, wakaiita Yokukansan, na katika miaka ya karibuni madaktari wao wakaanza kuwapa wazee wenye demensia ambao hawalali, wanaopiga kelele, wanaomrushia mlezi sahani. Jaribio dogo la watu 52 lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba wazee walitulia na kwamba waliweza zaidi kujifanyia shughuli za kila siku. Watu walifurahi, kwa kuwa dawa za kutuliza zinazotumika hospitalini huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee hawa. Kisha likafanywa jaribio kali zaidi la watu 145, kwa kulinganisha na unga mtupu, na mwaka 2017 matokeo yakatangazwa: kwa ujumla hakukuwa na tofauti ya maana. Madaktari wa Japani hawakuificha habari hiyo, na baadhi yao wanaendelea kuitumia dawa kwa uangalifu, wakipima potasiamu katika damu kwa sababu mzizi mtamu wa gancao uliomo ndani yake huishusha potasiamu na kupandisha presha. Ninaona kwamba huo ndio mwenendo wa watu wanaomjali mgonjwa kuliko wanavyoijali fahari ya dawa yao.

Mtetezi atasema hapa, na nimewasikia wengi wakisema, kwamba majaribio ya namna hii yanaionea tiba ya Kichina, kwa kuwa yanampa kila mtu dawa moja wakati tabibu humpima kila mgonjwa mapigo ya mkono, humtazama ulimi, humuuliza kuhusu usingizi na choo, kisha humchanganyia dawa yake peke yake. Hoja hii ina nguvu na haistahili kupuuzwa. Lakini haifungi mlango wa upimaji, kwa sababu jaribio la namna hiyo limewahi kufanyika. Mwaka 1998 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 116 wenye matatizo sugu ya utumbo: kundi moja lilipewa mchanganyiko uliotungwa kwa kila mgonjwa, la pili mchanganyiko mmoja kwa wote, la tatu dawa tupu yenye ladha na harufu inayofanana. Wote walionana na tabibu wa Kichina na wote walichunguzwa kwa njia ile ile. Makundi mawili ya dawa halisi yalipata nafuu zaidi ya lile la dawa tupu, na wiki 14 baada ya matibabu kwisha ni wale waliotungiwa dawa yao binafsi ndio waliobaki na nafuu. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa utumbo, linawezekana kwa ubongo, ila litahitaji watu wengi zaidi, miaka mingi zaidi na fedha nyingi zaidi. Madai kwamba tiba hii haipimiki kwa asili yake siyakubali.

Mpinzani naye ana dai ambalo silikubali, kwamba tafiti zinazofanywa China kuhusu dawa za China daima huleta majibu mazuri na kwa hiyo hazifai kusomwa. Zamani tatizo hilo lilikuwa kubwa kweli; mapitio yaliyofanywa mwaka 1998 yalikuta kwamba tafiti zote za tiba ya sindano za Kichina kutoka China zilileta matokeo mazuri, jambo lisilowezekana kwa dawa yoyote duniani. Lakini mwaka 2024 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha jaribio lililofanywa katika hospitali 26 za China kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 waliovuja damu ndani ya ubongo, wakipewa mchanganyiko wa mitishamba uliotungwa na matabibu wa China wenyewe. Dawa haikusaidia, na watafiti wakaandika hivyo wazi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sheria: mwaka 2018 serikali ya China ilitoa orodha ya michanganyiko 100 ya kale ambayo inaweza kusajiliwa kuwa dawa bila kupitia majaribio ya wagonjwa, kwa sababu ya ukongwe wake. Kwa maradhi ya homa labda ningenyamaza. Kwa maradhi ya ubongo, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza, ukongwe hautoshi kuchukua nafasi ya jaribio.

Sasa nifike nyumbani. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa Morogoro, ana miaka 78, ana presha, na miaka michache iliyopita alipata kiharusi chepesi. Tangu hapo hutumia vidonge vya presha na aspirini. Alipoanza kurudia swali lile lile mara tatu katika mazungumzo mamoja, muuzaji mmoja alimletea nyumbani kopo la ginkgo na jinsengi kwa bei iliyomeza sehemu kubwa ya pensheni yake ya mwezi. Siku alipokwenda kung'oa jino, daktari wa meno alimuuliza anatumia dawa gani. Akazitaja mbili. Binti yake, aliyekuwa amemsindikiza, ndiye aliyelitoa kopo kwenye mkoba na kuliweka mezani. "Hayo si dawa," mjomba akasema, "hayo ni majani tu." Daktari akaliangalia kopo, akaahirisha kung'oa, akamwambia aache kulitumia kwanza.

Maneno yale ya mjomba ndiyo hatari yenyewe. Katika jaribio la Marekani waliomeza ginkgo hawakuonyesha tofauti kubwa ya kuvuja damu kwa jumla, na ni haki kulisema hilo; lakini madaktari huwa waangalifu inapochanganywa na aspirini au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda, na kuna mzizi mwingine wa Kichina, danshen, unaoongeza nguvu ya warfarini kiasi cha kuhatarisha maisha. Jinsengi inaweza kufanya kinyume chake na kuipunguzia warfarini nguvu. Changpu, kile cha tatu katika unga wa Sun Simiao, kina kemikali ya asaroni, iliyowaletea panya wa maabara saratani. He shou wu, mzizi unaosifiwa kurudisha ujana na nywele nyeusi, umeripotiwa mara nyingi kuumiza ini. Baadhi ya vidonge vya kale vya kuamsha fahamu vina zebaki na aseniki kama sehemu ya mchanganyiko wake halali. Na ajali iliyotokea Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo kwa dawa ya kupunguza unene, inasemekana ilitokana na kubadilishana kwa mizizi miwili yenye majina ya Kichina yanayokaribiana. Mzee ana figo zilizopungua nguvu, ini linalofanya kazi polepole na dawa nyingine tatu au nne mwilini, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho anayeweza kustahimili kosa la namna hiyo.

Lakini sitaki kuimaliza hoja hii kana kwamba upande wa hospitali umejaa tiba. Donepezili, iliyopo tangu mwaka 1996, huchelewesha dalili kwa kiasi kidogo na haizuii ugonjwa. Lekanemabu, dawa nyingine ya Alzheimer iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, ilipimwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18 na ikapunguza kasi ya kuporomoka kwa asilimia 27, tofauti ambayo kwenye kipimo cha alama 18 ni chini ya nusu alama. Bei yake ilipoanza ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, na inahitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa kuwa inaweza kuuvimbisha au kuuvujisha damu. Kwa mzee wa Morogoro dawa hiyo haipo. Kilichopo ni kliniki yenye foleni ndefu na mhudumu mwenye dakika chache. Tabibu wa mitishamba anakaa naye nusu saa, anamshika mkono, anamuuliza analala vipi na nani anampikia. Ninaamini sehemu ya nafuu ambayo familia huiona inatokana na nusu saa hiyo, na hospitali zetu zingefanya vyema kujifunza kuitoa badala ya kuidharau.

Uwanja wenye faida iliyo wazi zaidi uko kwingine, wala hauhitaji mtu achague kati ya Beijing na Geneva. Tume ya wataalamu iliyotoa ripoti yake mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, uvutaji wa sigara, upweke, kutofanya mazoezi, elimu duni ya utotoni, na masikio na macho yasiyotibiwa. Mzee asiyesikia hujitenga, na anayejitenga ubongo wake hupungua kazi. Nilishangaa kuona kwamba usikivu uko katika orodha hiyo, maana kwa mjomba sisi sote tulichukulia kwamba kurudia maswali ni usahaulifu, na hakuna aliyefikiria kwamba huenda hakuwa amelisikia jibu.

Alipopimwa, sikio la kushoto lilikuwa halisikii vizuri kwa muda mrefu. Usahaulifu nao upo, wala haukutoweka. Sasa anavaa kifaa cha kusikilizia, presha yake hupimwa kila wiki na kuandikwa kwenye daftari lake la zamani la shule, na jioni hucheza bao na jirani ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Kopo lingali kabatini. Hakutaka litupwe, na mimi sikumlazimisha. Tulikubaliana tu kwamba kila akienda kwa daktari aende nalo, na kwamba akiulizwa anatumia dawa gani alitaje pamoja na zile nyingine.